Ukawio na Ulaji wa Nishati katika Vifaa vya Uhalisia Uliopanuliwa: Suala la Istilahi kwa Kuangalia Semi za Nachingwea na Ruangwa

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili namna Kiswahili kinavyoweza kueleza mvutano uliopo baina ya matumizi ya nishati na ukawio katika vifaa visivyo na waya vya uhalisia uliopanuliwa, yaani miwani ya kielektroniki inayomwonyesha mvaaji ulimwengu wa kubuni, au inayoongeza picha za kubuni juu ya ulimwengu anaouona. Semi tutakazozichambua husikika katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, kama zinavyosikika kwingineko nchini. Hoja yetu ni kwamba mvutano huo hauelezeki sawasawa iwapo neno moja, ucheleweshaji, litaendelea kubebeshwa dhana mbili.

Wilaya hizi si ngeni katika mjadala huu. Ardhi ya Ruangwa ina madini ya kinywe, na kinywe ndicho kinachotumika kutengenezea ncha hasi ya betri nyingi za lithiamu, zikiwamo za simu na za miwani tunayoizungumzia. Neno kinywe lenyewe ni ushahidi kwamba istilahi fupi, yenye umbo la Kiswahili, huweza kuvuka kutoka kwa wataalamu hadi kwa wanakijiji.

2.0 Mvutano Wenyewe

Mvaaji anapogeuza kichwa, picha nayo haina budi kugeuka. Kadirio linalotumiwa sana na wahandisi ni kwamba muda baina ya mwendo wa kichwa na badiliko la picha usizidi milisekunde 20 hivi. Ukizidi, mvaaji huweza kupatwa na kizunguzungu na kichefuchefu. Miwani inayoonyesha picha 90 kwa sekunde ina takriban milisekunde 11 tu kwa kila picha.

Njia mojawapo ya kupunguza mzigo wa betri ni kuiachia kompyuta ya pembeni kazi ya kuchora picha, kisha kuipeleka picha hiyo kwa mawimbi. Nishati ya uchoraji huokolewa, lakini redio ya miwani hulazimika kufanya kazi zaidi, na safari ya picha huongeza muda. Njia nyingine ni kuilaza redio. Katika mitandao ya Wi-Fi, ruta kwa kawaida hutoa tangazo kila baada ya milisekunde 102.4, kifaa kilicholala hadi tangazo lijalo huweza kuusubiri ujumbe wake kwa takriban muda wote huo. Simu inayopokea barua haidhuriki, miwani hudhurika. Kwa sababu hiyo, kiwango cha Wi-Fi kilichoidhinishwa mwaka 2021 kinaruhusu kifaa na ruta kukubaliana mapema saa ya kuamka, ili usingizi uoane na mwendo wa picha.

Umbali nao usilaumiwe kupita kiasi. Mwanga ndani ya mkongo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Hata tukikadiria njia ya mkongo kutoka Nachingwea hadi Dar es Salaam kuwa kilomita 600, kwenda na kurudi ni milisekunde 6 tu. Muda uliobaki hutumika katika mitambo, foleni na usingizi wa vifaa.

3.0 Semi za Watumiaji

Kuhusu nishati, wasemaji wana utambuzi wa kina. Wasemapo "simu inakula chaji" wanataja kasi ya matumizi, jambo ambalo mwanafizikia hulipima kwa wati. Wasemapo "betri inakaa na chaji" wanataja muda wa kudumu kwa akiba. Hizi ni dhana mbili, na lugha imezitenga bila msaada wa kamati yoyote.

Kuhusu muda, hali ni tofauti. "Mtandao mzito" hutumika kwa wingi mdogo wa data upitao kwa sekunde, na pia kwa jibu linalokawia. Mkanganyiko huu una gharama: mtu huongeza bando akidhani ataondoa ukawio, ilhali bando ni kiasi cha data tu, wala haliharakishi jibu.

4.0 Ukawio na Ukawishaji

Kitenzi chelewa hudokeza kupitwa na wakati uliowekwa; kawia husisitiza muda unaochukuliwa. Kinachopimwa kwa milisekunde ni huo muda. Aidha, ucheleweshaji umetokana na kauli ya kutendesha, kwa hiyo unadai mtendaji. Tunapendekeza ukawio kwa muda unaopimwa, kwa kufuata uundaji wa majina kama ujio na tukio. Na ukawishaji kwa tendo la kusubirisha ujumbe kwa makusudi ili kuokoa nishati. Hapo sentensi ifuatayo hueleweka: "Ukawishaji ukizidi, ulaji wa nishati hupungua, lakini ukawio huongezeka." Tukitumia neno ucheleweshaji mahali pote pawili, sababu na matokeo hubeba jina moja.

5.0 Hitimisho

Wahenga walisema "Kawia ufike", na pia "Ngoja ngoja huumiza matumbo". Methali hizi hazipingani. Kila moja ina mahali pake. Ya kwanza yaifaa barua, ya pili yaifaa miwani, ambayo picha yake ikikawia huwa kana kwamba haikufika. Kazi ya mhandisi ni kupima lini kila moja itumike. Kazi yetu wanaisimu ni kuhakikisha kwamba mwanafunzi wa Nachingwea au Ruangwa anapofundishwa upimaji huo kwa Kiswahili, anapata maneno mawili kwa mambo mawili.