SOMO LA AFYA: PUA INAYOZIBA MWEZI HATA MWEZI



Katika somo la leo twataka kuzungumza juu ya maradhi ambayo wengi wetu huyadharau: pua inayoziba au kutiririka kamasi mwezi hata mwezi. Mtu hulala akipumua kwa kinywa, huamka na kichwa kizito na koo kavu, kisha husema, "Ni mafua tu." Lakini mafua ya kawaida humalizika katika siku 7 hata 10. Yakipita mwezi bila kwisha, yafaa tutafute sababu nyingine.

Si mafua, wala si mzio

Ndani ya pua mna ngozi laini yenye mishipa mingi ya damu. Kazi yake ni kuipasha hewa joto, kuitia unyevu na kuichuja vumbi. Mishipa ikivimba, njia hufinyika na pua huziba.

Kwa baadhi ya watu, uvimbe huo hutokana na mzio. Hao huwashwa macho na pua, hupiga chafya mfululizo, na pengine wana pumu. Lakini wako wengine ambao vipimo vya mzio havionyeshi kitu. Pua huziba, kamasi hushuka kooni, wala hawawashwi sana. Mara nyingi huanza ukubwani. Hawa ndio tunaowasema leo.

Sababu zake

1. Vumbi, moshi na harufu kali. Sisi wakulima twalijua vumbi la karafuu kavu na makonyo tunapochambua, kupepeta na kujaza magunia. Tena kuna moshi wa jikoni, moshi wa kukaushia mbata, sigara, udi na manukato.

2. Hali ya hewa inapobadilika ghafula, kutoka joto kuingia baridi.

3. Chakula chenye pilipili kali.

4. Mimba. Pua ya mama yaweza kuziba hasa miezi ya mwisho, na hufunguka muda mfupi baada ya kujifungua.

5. Dawa fulani za shinikizo la damu, na aspirini kwa baadhi ya watu. Usiziache mwenyewe, mwulize tabibu.

6. Matone ya kuzibua pua. Hili tulieleze zaidi.

Dawa inayogeuka ugonjwa

Matone yenye oksimetazolini au zailometazolini huifinya mishipa, na pua hufunguka kwa dakika chache. Mtu hufurahi. Lakini akizidisha siku, dawa ikimwishia nguvu mishipa huvimba kuliko kwanza. Hutia tena, ikavimba tena. Ndipo hununua kichupa wakati wa mavuno, na mavuno ya pili yakamkuta kichupa bado ki mfukoni, naye hawezi kulala bila hicho.

Kanuni ni hii: siku 3 zatosha, wala zisipite 5. Aliyekwisha kunaswa asione haya. Amwendee tabibu amsaidie kuacha, mara nyingi kwa dawa ya kupuliza ya aina ya steroidi. Pua itaziba kwa siku kadhaa, kisha itafunguka yenyewe pole pole.

Namna ya kujitunza

Kwanza, ijue sababu yako. Kwa majuma mawili andika pua iliziba lini, nawe ulikuwa wapi. Unapopepeta, simama upande utokako upepo, vumbi liende mbele yako, na ujifunge kitambaa puani na kinywani. Fungua madirisha ya jiko na ya ghala.

Pili, osha pua. Chemsha nusu lita ya maji, yaache yawe vuguvugu, tia kijiko kidogo kimoja cha chumvi. Inama juu ya beseni, ulaze kichwa upande, upumue kwa kinywa. Mimina kwa chupa safi katika tundu la juu, maji yatoke tundu la chini. Fanya hivyo mara moja au mbili kwa siku. Maji ya kisima au ya mfereji yasiyochemshwa usiyatie puani kamwe. Yaweza kuwa na kijidudu kinachopanda hata ubongoni. Ni nadra sana, lakini huua.

Tatu, fuata dawa ya tabibu. Dawa ya steroidi haizibui siku ile ile. Hutumiwa kila siku kwa majuma. Ipulize ukielekeza upande wa sikio, si ukuta wa kati ya pua. Kwa kamasi za majimaji tu, iko dawa ya ipratropiamu. Vidonge vya mzio mara nyingi haviwafai sana watu hawa.

Nne, usitie mafuta ya karafuu puani. Yana yujenoli, ambayo huunguza ngozi laini. Mali yetu ni ya sokoni, si ya puani.

Lini twende hospitali upesi

Pua ikiziba upande mmoja tu siku zote. Ikitoka damu mara kwa mara. Uso au jicho likivimba. Mtoto akitoka usaha unaonuka tundu moja, huenda amejitia kunde au ushanga.

Na hili wachumaji walishike sana: mtu akianguka mkarafuuni, kisha akatokwa puani na maji mang'avu, hasa akiinama, huenda ni maji yanayozunguka ubongo. Asipenge wala asioshe pua. Apelekwe hospitali saa ile ile.

Maswali ya kujipima

1. Matone ya kuzibua pua yatumiwe siku ngapi?
2. Kwa nini maji ya kuoshea pua huchemshwa?
3. Mchumaji aliyeanguka ametokwa na maji mang'avu puani. Utafanyaje?

Twaomba kila mwanachama awasomee somo hili watu wa nyumbani kwake na wachumaji wake kabla ya mavuno kuanza.