SOMO LA MWEZI: JE, MKRISTO AWEKE BUNDUKI NYUMBANI?

Masomo: Kutoka 22:2–3, Kumbukumbu la Torati 22:8, Luka 22:47–51



Hapa Sirari swali hili si la vitabuni. Mtu ambaye zizi lake limevunjwa usiku, na ng'ombe wake wakavushwa mpaka kabla ya jogoo kuwika, ana haki ya kuuliza, "Nijilindeje?" Tusimjibu kwa haraka.

1. Bunduki zilitufikiaje?

Zamani wezi wa mifugo na waliowafuatia walibeba mikuki, pinde na mishale. Kisha ikaja vita ya Kagera ya 1978 na 1979. Vijana wengi wa Kikurya walikuwa jeshini, na baada ya vita baadhi ya silaha ziliingia vijijini kwa njia zisizo halali. Tangu hapo ugomvi uliokuwa ukiisha kwa jeraha ukaanza kuisha kwa kaburi. Kila upande ulitafuta bunduki kwa kuwa upande wa pili unayo.

2. Sheria yasemaje?

Sheria ya nchi haikatazi kila bunduki. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, yamtaka mwenye silaha awe na leseni. Leseni ni ya mtu, si ya ukoo. Bunduki aliyoiacha marehemu baba haiwi halali kwa mwana kwa sababu ya urithi tu. Tena, katika Itifaki ya Nairobi ya 2004, Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine zilikubaliana kwamba raia wasimiliki bunduki za rashasha.

3. Neno la Mungu lasemaje?

Katika Kutoka, mwenye nyumba aliyempiga mwizi usiku, naye akafa, hana hatia ya damu. Lakini jua likiisha kuchomoza, hatia ipo. Kujikinga katika hatari ni jambo moja. Kufuata nyayo kesho yake ili kulipa kisasi ni jambo jingine. Mara nyingi twaliita la pili kwa jina la kwanza.

Katika Kumbukumbu la Torati, ajengaye nyumba ameamriwa kuweka ukingo darini, mtu asije akaanguka. Basi mwenye leseni ajiulize: ukingo wangu uko wapi? Je, silaha imefungiwa, na watoto hawaufikii ufunguo? Na siku ya pombe na hasira, itakuwaje?

Katika Luka, mwanafunzi alipotumia upanga kumtetea Bwana, Bwana alimzuia, akaliponya sikio la adui.

4. Maoni yangu

Sisemi kwamba mwenye leseni ametenda dhambi. Lakini bunduki iliyofichwa darini bila leseni humfunga mwenyewe. Wezi wakija, anaogopa kuita polisi asije akapekuliwa. Wengine husema, "Nikisalimisha yangu, mwizi atabaki na yake." Ni neno zito, wala silidharau. Walakini silaha ya magendo haina utii: leo yalinda zizi lako, kesho imeazimwa kwenda kuvunja la mwenzako. Ulinzi usiotugeuka ni mbiu inayoitikiwa na majirani wote, bila kuuliza ng'ombe ni wa ukoo gani, na taarifa kufikishwa polisi mapema.

Serikali imetangaza mara kadhaa vipindi vya msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari. Ukisikia tangazo, usingoje siku ya mwisho. Mwenye hofu aende kwanza kwa mchungaji, mikono mitupu, waulize pamoja utaratibu, kisha asindikizwe. Asiibebe njiani kabla ya kuuliza.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Mbiu ikipigwa kwa jirani tusiyepatana naye, je, tutatoka?
2. Ni kisasi gani tunachokiita ulinzi?
3. Vijana wetu wanaona nini tunapomsifu mtu kwa silaha yake?

Tuombe: Ee Bwana, ulinde watu na mifugo yetu pande zote mbili za mpaka. Utuondolee hofu ya jirani, na umpe nguvu yule anayetaka kuweka silaha chini lakini hathubutu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.