Kumtembelea Mzazi Aliye Kazini Ng'ambo: Somo la Safari ya Musoma

Wahenga walinena kwamba tembea uone. Hawakukosea, ila hawakutuambia la kufanya iwapo yule uliyesafiri kwenda kumwona yuko kazini kutwa. Hilo ndilo somo langu katika ukurasa huu, kwa maana wengi wetu hapa Sotik tuna wazazi, wajomba au shangazi ambao hutumwa na waajiri wao nje ya nchi kwa majuma kadhaa.

Mama yangu ni fundi wa matangi ya kupozea maziwa. Mwaka jana alitumwa Musoma, nchini Tanzania, kwa majuma sita. Likizo ya Agosti ilipofika, baba alisema twende tumwone kwa siku nne. Tulikuwa baba, gogo (yaani nyanya, mamake mama), mimi, na kitinda mimba wetu ambaye hakuwa ametimiza miaka mitatu. Baba aliandika mahali saba pa kuzuru kwenye karatasi, hata Serengeti ilikuwemo! Kumbe mshika mawili moja humponyoka, sembuse mshika saba?

Somo la kwanza: Hati kabla ya mizigo

Kutoka Sotik tulipitia Kisii na Migori hadi mpakani Isebania. Ukivuka uko Sirari. Mtu mzima awe na pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Mtoto abebewe pia cheti cha kuzaliwa, na akisafiri na mzazi mmoja tu, barua ya idhini ya yule mwingine ni kinga nzuri. Baba aliulizwa pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Sisi vijana tulinung'unika kwa sababu ya foleni, lakini gogo alitunyamazisha. Alitukumbusha kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka wa 1977, mpaka huu ulifungwa, ukafunguliwa tena mwaka wa 1983. "Miaka sita hamngepita hapa," akasema. "Foleni ya saa moja ni nini?" Jumuiya ya sasa ilizaliwa kwa mkataba uliotiwa sahihi tarehe 30 Novemba 1999.

Somo la pili: Ratiba ni ya mwenye kazi

Mama alikuwa akitoka alfajiri kwa gari la kazi na kurudi usiku. Kitinda mimba alikuwa usingizini mara zote mbili. Usiku wa kwanza tulimwamsha amsalimu mama. Alimtazama kidogo, kisha akajificha nyuma ya gogo. Mama alicheka, lakini nilimwona akienda kuosha vikombe ambavyo tayari vilikuwa safi.

Baba alimwambia aombe ruhusa hata ya siku moja. Mama akajibu, "Maziwa hayangoji. Tangi lisipopoa, jasho la wakulima linamwagwa." Maneno yakaanza kuwa makali. Hapo ndipo gogo aliitisha ile karatasi ya mahali saba, akaniambia niisome kwa sauti. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu: "Na mama yenu yuko wapi humo?" Hakuna aliyejibu.

Basi gogo akaamua hivi: mahali pengine tuzuru wenyewe tumletee mama habari, na mahali pamoja tu pawekwe mpaka Jumamosi mchana, saa ambayo mama angekuwa huru. Serengeti ikafutwa.

Somo la tatu: Ukizuru bila yeye, mwandikie

Siku ya pili tulienda Butiama. Huko ndiko alikozaliwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka wa 1922, na ndiko alikozikwa baada ya kufariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Pana makumbusho yenye jina lake, na kaburi lake liko pale pale nyumbani kwao. Sisi wanachama wa Kiswahili tumkumbuke pia kama mfasiri, kwa kuwa ndiye aliyetupa tamthilia mbili za Shakespeare katika lugha yetu, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Tuliporudi mjini tulipita nje ya shule ya Mwisenge alikoanza masomo mwaka wa 1934, akiwa na umri wa miaka kumi na miwili hivi. Aliyechelewa kuanza shule asikate tamaa!

Siku ya tatu tulizuru soko na ufuo wa ziwa. Ziwa Viktoria lina ukubwa wa kilomita za mraba kama 68,800, na Kenya ina asilimia 6 hivi tu. Sehemu kubwa ni ya Tanzania na Uganda. Sokoni niliaibika. Nilisema, "Nipe samaki huyo," muuzaji akatabasamu na kunirekebisha: "Sema naomba, mdogo wangu." Nilijifunza pia kwamba omena ni dagaa, mbuta ni sangara, na stima ni umeme. Lugha ni ile ile ila ina adabu zake kila mahali.

Yote hayo niliyaandika katika daftari, na usiku nikamsomea mama. Alicheka sana kwa ajili ya samaki, akauliza maswali mpaka saa tano. Safari ambayo hakwenda akawa ameipata kiasi chake.

Somo la nne: Mahali pamoja pa wote

Jumamosi mama alimaliza kazi upande wa Tarime. Gogo alichagua tumngojee kwenye daraja la Kirumi, barabara ya kwenda Musoma. Nilishangaa. Daraja nalo ni la kuzuru?

Mama aliposhuka garini, gogo alituonyesha maji yaliyo chini. Ni Mto Mara. Unaanzia katika milima ya Mau, ambako mito ya Nyangores na Amala huanzia kabla ya kuungana, na husafiri kilomita kama 395 hadi kuingia ziwani karibu na Musoma. Nyangores ndio ule unaopita Bomet, na gogo alizaliwa kando yake. Alikuwa akichota maji huko akiwa msichana. Hata Kipsonoi wetu wa hapa Sotik huungana na Yurith ukawa Mto Sondu, ukaingia ziwa hilo hilo upande wa Kenya. "Kumbe nilikuwa navuka maji ya nyumbani kila siku nisijue," mama akasema polepole.

Hatukushuka majini, maana mna mamba. Tulisimama tu kando. Kitinda mimba aling'oa nyasi akataka zirushwe mtoni, na aliyekuwa karibu naye alikuwa mama. Walirusha pamoja. Mtoto akauliza, "Zinaenda wapi?" Mama akamwambia, "Zinaenda ziwani, pale ninapolala." Akarusha zingine. Tulipoondoka alikuwa amebebwa mgongoni mwa mama, na gogo alijifanya haoni.

Kwa ufupi

Ukienda kumtembelea aliye kazini ng'ambo, uliza kwanza saa zake, kisha ndipo uandike mahali pa kuzuru. Mengine yaone mwenyewe umpelekee habari. Mahali pamoja pahifadhi kwa ajili yake, na si lazima pawe na kiingilio wala sifa kubwa. Tulilipa viingilio kwingine, lakini mama alipopiga simu juma lililofuata, mtoto alimwuliza habari za zile nyasi tu.