Mbwa wa Kuongoza Vipofu

Watoto, mwaka 2011 Hifadhi ya Virunga ilianza kufundisha mbwa kule Rumangabo, wafuate harufu ya majangili. Mbwa wengine huongoza vipofu. Huko Marekani watu hujitolea kumlea mtoto wa mbwa wa kazi hiyo nyumbani mwao, karibu mwaka mzima, bila mshahara. Humzoeza watu wengi, kelele za soko na motokari. Kufukuza kuku, hapana! Kisha siku inafika, naye hurudishwa akasomee kazi yake. Watoto wa nyumba ile hulia, nani asingelia? Huko shuleni mbwa hujifunza jambo gumu: kukataa amri. Kipofu akisema, «Twende!» na motokari inakuja, mbwa hasogei hata hatua moja.