Usifunge Kwanza, Rudisha Mpunga

Mdogo wangu wa Ziba, barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema kanisani kwenu siku hizi viti havitoshi, kwaya ina vyombo vipya, nawe unaimba sauti ya kwanza. Lakini ukifumba macho kuomba, unamwona yule mama jirani uliyempimia mpunga kwa debe lenye kitako kilichobonyezwa ndani. Unaniuliza ufunge siku ngapi.

Usifunge kwanza. Nenda kwake.

Sisi tuliokulia kanisani tuna hatari yetu. Neno toba tumelisikia hadi limekuwa kama kengele ya ibada: ikilia tunajua ni saa ngapi, wala hatushtuki. Tunatubu kwa jumla, "Bwana utusamehe tulipokosa", na hakuna anayelitaja debe.

Lakini wapo walioshtuka. Mwaka 1929, kilimani Namirembe, Kampala, Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church wa hospitali ya Gahini, Rwanda, walikaa na Biblia wakiomba. Wote wawili walikuwa waumini, na walijua wamepoa. Miaka ya 1930 uamsho ukawaka Gahini, ukaenea Uganda na Kenya, ukaingia Tanganyika kupitia Bukoba. Wengi walioguswa walikuwa wamebatizwa zamani: walimu, wauguzi, hata wachungaji. Walirudisha vitu walivyoiba, wakalipa madeni, waume wakawaomba radhi wake zao. Majirani waliona vitu vinarudi nyumbani, ndipo wakaamini kwamba kuna jambo.

Basi nenda jioni, akiwa amemaliza shughuli. Usitume ujumbe wa simu, wala usimchukue shoga yako akusemee. Kama debe ni la mama yako, mweleze yeye kwanza, kwa adabu. Akikataa, toa mpunga wa jasho lako mwenyewe. Ukifika, piga hodi, amkia, kisha sema: "Mama, lile debe lilikuwa limebonyezwa, na mimi nilijua." Usiseme "kama nilikukosea". Hilo "kama" ndilo linalotuponza, maana linaacha mlango wa kutorokea. Akifoka, nyamaza umsikilize, ana haki. Huenda atawasimulia wenzake kisimani. Itakuuma, na bado nakuambia nenda.

Zakayo wa kwenye Injili aliahidi kurudisha mara nne. Wewe anza na debe moja lililojaa, kabla ya Jumapili, halafu uniandikie.