Sauti za Usiku na Tafakuri ya Zen: Msaada kwa Asiyepata Usingizi

Ifikapo saa nane za usiku, mtu aliyekosa usingizi husikia kila kitu: nyenje nje ya dirisha, vyura bondeni, mbwa wa jirani, matone ya maji yakidondoka kutoka paani. Hutazama saa, huhesabu muda uliobaki kabla ya alfajiri, kisha hukasirika kwamba bado yu macho. Kesho yake hufika kituo cha afya kuomba vidonge. Kwa mhudumu mwenye foleni ndefu mlangoni, kuandika vidonge ni jambo jepesi. Hata hivyo, dawa za kundi la diazepamu zaweza kujenga utegemezi, na kwa wazee huongeza hatari ya kuanguka na kuvunjika mifupa. Makala haya yanaeleza msaada wa aina nyingine: kuufundisha usikivu wenyewe, kwa kutumia sauti zile zile zinazomkera mgonjwa.

Kwa nini sauti huamsha

Sikio halina kope. Macho hufumbwa, lakini masikio huendelea kupeleka habari kwenye ubongo hata usingizini, nao ubongo hupima kila sauti: je, ni ya hatari? Ikidhaniwa kuwa ya hatari, adrenalini humwagwa kwenye damu, moyo hwenda mbio na misuli hukaza. Mvua na milio ya nyenje, zinazoendelea kwa mwendo mmoja, kwa kawaida hazibebi tishio.

Mwaka 2017, watafiti wa Brighton na Sussex nchini Uingereza walichapisha uchunguzi wa watu 17 waliopigwa picha za ubongo huku wakisikiliza sauti mbalimbali. Sauti za asili zilielekeza usikivu wao nje ya nafsi. Sauti zisizo za asili ziliuelekeza ndani, kama inavyotokea kwa mtu mwenye wasiwasi. Waliokuwa na msongo mkubwa zaidi ndio waliotulia zaidi. Kundi hilo ni dogo, hivyo matokeo yake ni dalili tu wala si hukumu ya mwisho.

Aidha, maana inayopewa sauti yaweza kuwa na nguvu kuliko sauti yenyewe. Aliyelelewa akiamini kuwa bundi ni ndege wa mkosi hushtuka anapomsikia juu ya paa, ilhali ndege huyo anamwita mwenzake tu. Hapo ndipo mafundisho ya Zen yanapogusa tiba.

Zen inafundisha nini

Zen ni tawi la Ubudha lililofika Japani kutoka China, ambako huitwa Chan. Mtawa Dogen (1200–1253) alikwenda China mwaka 1223, akarejea mwaka 1227, akaandika mwongozo wa zazeni, yaani tafakuri ya kuketi. Mwaka 1244 alianzisha nyumba ya watawa ijulikanayo leo kama Eiheiji. Katika zazeni mtu huketi mgongo ukiwa wima, macho yamefumbwa nusu, akiiacha pumzi ipite. Sauti hazifukuzwi, wala hazifuatwi. Katika hekalu la Zen la Kegon-ji, jijini Kyoto, nyenje hufugwa na kulia mwaka mzima, na wageni huketi kusikiliza mafundisho katikati ya milio hiyo. Utulivu unaotafutwa hapo hautegemei ukimya.

Mwaka 1966, madaktari Kasamatsu na Hirai wa Tokyo walichapisha vipimo vya mawimbi ya ubongo vya watawa wa Zen. Mlio uliporudiwa mara nyingi, ubongo wa watu wa kawaida ulizidi kuupuuza. Ubongo wa watawa wazoefu uliupokea kila mara karibu kama mara ya kwanza, kisha ukarudi kwenye utulivu. Wachunguzi wa baadaye hawakufanikiwa kuyapata tena matokeo hayo, kwa hiyo yasitajwe kama jambo lililothibitishwa.

Ushahidi ulio karibu zaidi na mgonjwa unatokana na mazoezi ya umakinifu, ambayo yana mizizi katika Zen na mapokeo mengine ya Kibudha. Jon Kabat-Zinn, aliyejifunza Zen, aliyaingiza hospitalini mwaka 1979 katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa watu wazima 49 wa Los Angeles wenye usingizi hafifu, wa umri wa miaka 55 na zaidi. Baada ya wiki sita, waliofundishwa umakinifu walilala vizuri kuliko waliofundishwa kanuni za usingizi pekee.

Zoezi lenyewe

1. Mgonjwa aketi kwenye mwanga hafifu, mgongo wima bila kukaza, mikono juu ya mapaja. Saa igeuziwe ukutani.
2. Ahesabu kila pumzi inayotoka, kuanzia moja hadi kumi, kisha aanze upya. Akipotea, arudi kwenye moja bila kujilaumu.
3. Baada ya dakika tano aache kuhesabu, asikilize. Aanze na sauti ya mbali kabisa, kisha iliyo karibu, kisha kimya kilicho kati ya sauti mbili. Asiulize ni mbwa wa nani anayebweka.
4. Wazo likija, alitambue, kisha arudi kwenye sauti.
5. Usingizi ukija, aende kulala.

Dakika kumi hadi ishirini zinatosha. Zoezi lianze kufanywa jioni, kabla ya usiku mgumu, na lisitumiwe kuulazimisha usingizi, kwani anayeusubiri kwa hamu huufukuza. Sauti moja haiingii katika kanuni hii: mlio wa mbu. Huo ni wa kuondoka na kuingia ndani ya chandarua. Zoezi halimdai mtu abadili dini. Mwislamu na Mkristo waweza kulifanya na kubaki na sala zao.

Mipaka

Usingizi ukikosekana angalau usiku tatu kwa wiki kwa miezi mitatu, tiba inayopendekezwa kwanza ni ile ya kisaikolojia, inayorekebisha fikra na mazoea ya usingizi. Tafakuri huisaidia, haichukui nafasi yake. Anayekoroma na kukata pumzi, anayeamka mara kwa mara kukojoa, mwenye huzuni isiyoisha au fikra za kujiua, apimwe mapema. Aliyepitia ukatili au vita aweza kuzidiwa na hofu anapoketi kimya; huyo asifanye zoezi peke yake.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kuandika dawa au kufundisha tafakuri, mhudumu amuulize mgonjwa swali moja: "Usiku unasikia nini?" Mmoja atataja vyura, naye anaweza kufundishwa kuwasikiliza. Mwingine atataja sauti ambazo wengine nyumbani hawazisikii, naye anahitaji daktari wa afya ya akili. Wa tatu atanyamaza, kisha aseme kwamba husikilizia hatua za mume wake mlangoni. Huyo hakosi utulivu wa moyo tu. Anakosa usalama, na usalama ndio tiba yake ya kwanza.