Kanisa la Wamisionari Halitoshi Tena: Tuongeze Wapi?

Maswali yanafanana. Kanisa la kijijini lililojengwa enzi za wamisionari limejaa, kamati ya ujenzi imeshapata ramani, na kikaoni yupo mtu anayesema jengo litaharibiwa. Anayejibu ni mbunifu majengo ambaye sehemu kubwa ya kazi yake ni kukagua michoro ya namna hiyo kabla haijamfikia fundi.

Bwana Yesu asifiwe. Usharika wetu uko milimani Usambara. Ramani tuliyonayo inaongeza mabawa mawili. Mkaguzi ataanza na nini?

Amina, mzee wangu. Ramani mpya naiweka pembeni kwanza. Naomba mchoro wa kanisa lilivyo leo, wenye vipimo vya kuta, paa, madirisha na mteremko wa kiwanja. Mara nyingi haupo. Mchoraji alipima urefu na upana, akarudi mjini akachora kuta za unene wa tofali moja, ilhali kuta za mawe za zama za misheni hufika hata sentimita 60. Ramani ya namna hiyo nairudisha bila kuisoma zaidi.

Kisha naomba idadi ya watu, na hapa kamati nyingi hukasirika. Kanisa linajaa kila Jumapili, au linajaa Krismasi, Pasaka na siku ya kipaimara? Kwenye benchi mtu huhitaji kama sentimita 50. Ukiongeza nafasi ya magoti na njia za kupita, kila mtu anachukua karibu mita 0.75 za mraba. Bawa la mita 8 kwa 10 basi linapokea watu mia na kidogo. Kama wanaokaa nje chini ya miti ni mia nne, mabawa mawili hayatawatosha, na kuta zitakuwa zimekatwa bure. Ibada ya pili haihitaji hata tofali moja, ingawa najua kwaya hazipendi kusikia hilo.

Tumsifu Yesu Kristo. Parokia yetu inabishana: tuongeze mbele, nyuma au ubavuni?

Milele amina, Padre. Kila upande una gharama yake. Mbele ndipo penye uso wa kanisa, ule unaoonekana katika picha za harusi za familia zote za parokia. Ukifunikwa, kanisa limepotea machoni pa watu hata kama kuta zake zote zimebaki ndani. Nyuma ya altare kuna sakristia, pengine ukuta wa nusu duara uliojengwa kwa ustadi, na mara nyingi makaburi. Ubavuni ndiko wengi hukimbilia, kwa kuwa ramani hupendeza ikichorwa kama msalaba. Lakini lazima utoboe ukuta unaobeba paa, na watakaokaa bawani wataona nguzo na mgongo wa mwanakwaya badala ya altare. Mkaguzi akae kwenye kila kona ya ramani kwa penseli, achore mstari kutoka benchi hadi altare. Ni kazi ya nusu saa tu, nami nimeona ramani zikibadilishwa zote kwa sababu yake.

Mimi huegemea upande wa nne: jengo jipya kando, likiungana na la zamani kwa baraza fupi au lisiungane kabisa. Katika misheni ya Bagamoyo, iliyoanzishwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, kuna mnara wa kanisa lao la mwanzo, ambamo mwili wa mmisionari na msafiri Livingstone uliwekwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar. Haja ya kanisa kubwa ilipofika, lilijengwa jingine katika eneo hilohilo, kati ya 1910 na 1914. Mgeni anayeingia leo anaona vizazi viwili vya ujenzi bila kuelezwa.

Ila mkichagua njia hiyo, amueni mapema kanisa dogo litafanya kazi gani: misa za siku za wiki, ubatizo, ndoa ndogo, mazoezi ya vijana. Jengo lisilofunguliwa halina mtu wa kugundua kwamba bati limepeperuka, na likishavuja miaka miwili atatokea mtu wa kusema libomolewe.

Mimi ni fundi mwashi. Kuunganisha ukuta mpya na wa zamani kwa kawaida natoboa, nachomeka nondo, namwaga zege. Kuna ubaya?

Upo, fundi, na hapo ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote kwenye mchoro. Ukuta wa zamani umeshatulia. Uzito wake umeubana udongo kwa miaka mia na zaidi. Ukuta mpya bado utashuka, hata kama ni milimita chache, hasa masika ya kwanza na ya pili. Ukizifunga pamoja kwa nondo, unaoshuka utauvuta uliotulia, na ufa utatokea upande wa zamani, kwa sababu mawe yaliyoshikwa kwa udongo na chokaa ni dhaifu kuliko zege lako. Acha mwanya wa kama sentimita 2 kuanzia msingi hadi paa, ufunikwe kwa kitu kinachoruhusu kuta kucheza. Nguzo mpya zisimame kwa miguu yake, zisiegemee jengo la zamani.

Kabla ya kuchimba msingi, fungua shimo dogo uone msingi wa zamani unaishia wapi. Pengine ni wa kina kifupi kuliko unavyodhani, mawe makubwa tu yaliyopangwa kwenye mtaro. Ukipitisha shimo refu na la kina kando yake, udongo unaoubeba utamwagikia kwako. Chimba vipande vya mita moja, ujaze, ndipo uende kingine, na kazi hiyo isifanyike masika.

Tazama juu pia. Zile boriti zinazokatiza kutoka ukuta hadi ukuta hazikuwekwa kwa pambo. Kenchi zinasukuma kuta nje, nazo boriti zinazifunga zisiachane. Nimeona michoro inayoziondoa ili altare ionekane vizuri kwenye video. Kuta hazianguki siku hiyo. Zinaanza kulala nje polepole, na ufa mrefu hutokea juu ya madirisha.

Na maji. Mapaa mawili yakikutana yanafanya bonde, na bonde hujaa majani. Bora paa jipya lianze chini ya ukingo wa paa la zamani, na pale lisipoweza kukwepa bonde, gata liwe pana kiasi cha mtu kupita akisafisha. Ramani isiyoonyesha maji yanaishia wapi haijakamilika.

Sehemu mpya ifanane na ya zamani?

Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, ambao wahifadhi wa majengo duniani huutumia hadi leo, unakubali nyongeza pale tu zisipoharibu sehemu muhimu za jengo, uwiano wake na mazingira yake, na unataka kazi mpya ijulikane kuwa ni ya wakati wake. Nakubaliana nao, kwa tahadhari: isitumike kama ruhusa ya kuleta vioo vya buluu na alumini kama duka la simu. Fuateni mteremko wa paa, urefu wa madirisha na rangi ya mawe. Msiige matao. Tao la zege lililochorwa mistari ya mawe halimdanganyi hata mtoto wa Sunday school.

Sheria inatuzuia?

Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inahesabu kuwa kumbukumbu jengo lililojengwa kabla ya 1863. Misheni nyingi za bara ni changa kuliko hapo, kwa hiyo hazina kinga hiyo mpaka jengo litangazwe rasmi. Kenya, ulinzi wa namna hiyo hutolewa kwa kutangazwa katika Gazeti la Serikali chini ya sheria ya makumbusho na turathi ya 2006. Kwa hiyo kanisa la kijijini mara nyingi halina mlinzi zaidi ya kamati yake. Kibali cha ujenzi cha halmashauri kinahitajika vilevile, na michoro isainiwe na mbunifu majengo na mhandisi waliosajiliwa na bodi zao.

Mimi ni katekista. Tukiongeza, tutapiga plasta ya saruji kanisa lote ili lifanane. Ni sawa?

Hapana, Mwalimu. Ukuta wa udongo na chokaa hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa kupitia uso wake. Ukiuziba kwa saruji, unyevu unapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, kisha plasta inavimba na kubanduka na vipande vya mawe. Tumieni plasta ya chokaa, sehemu moja kwa tatu za mchanga, iloweshwe maji siku kadhaa isikauke kwa haraka. Ni ya polepole na fundi atalalamika.

Makaburi ya Wakristo wa kwanza yako pale pale tunapotaka kujenga.

Sogezeni jengo. Kuhamisha kaburi kuna utaratibu wake wa kisheria na vikao vya koo ambavyo havijawahi kuwa vifupi.

Mfadhili wetu anataka mnara mrefu kuliko wa zamani.

Mwambieni mkaguzi amekataa, nimezoea lawama. Mnara wa zamani ubaki ndio mrefu kuliko vyote. Fedha ya mfadhili iende kwenye magata, na kwenye kumlipa msimamizi atakayekuwepo siku tatu ambazo fundi haruhusiwi kuendelea bila saini yake: siku msingi umefunguliwa kabla ya zege, siku ya kutoboa ukuta wa zamani, na siku kenchi zinaguswa. Siku hizo ziandikwe kwenye mkataba kabla sadaka ya kwanza haijatumika.